Naomba kueleweshwa lugha ya kubeti: odi, mkeka, handikapu na maneno mengine ya kwenye tiketi

DadaMkubwa

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Naomba msaada wa wale wanaoifahamu vizuri lugha ya kubashiri matokeo ya michezo. Mpira nimeufuatilia tangu utotoni na sheria zake ninazijua, lakini mdogo wangu anaponionyesha tiketi zake ninajikuta nasoma herufi na namba ambazo hazinipi maana yoyote. Mimi mwenyewe sibeti, na sikuja hapa kutafuta mechi za kuweka. Ninachohitaji ni kuelewa kilichoandikwa, ili nikizungumza naye kuhusu fedha zake nizungumze ninachokijua, kwa sababu kila nikimshauri ananijibu, kwa heshima kabisa, kwamba dada huelewi.

Nina tiketi zake mbili hapa mbele yangu. Ya kwanza ni mkeka wa mechi nne, yaani mechi nne zilizounganishwa kwenye tiketi moja, wenye dau la 100: mechi ya kwanza imeandikwa 1X kwa odi 1.30, ya pili Zaidi ya 2.5 kwa odi 1.85, ya tatu GG kwa odi 1.75, na ya nne 1 kwa odi 2.10. Chini pameandikwa jumla ya odi 8.84 na malipo tarajiwa 883.84. Mechi ya tatu iliahirishwa, zile nyingine zote zikatiki, yaani zikatoka kama alivyoweka, na akalipwa 505.05. Yeye hakulalamika, lakini mimi nimeshindwa kuiona njia ya kutoka namba ile hadi hii.

Tiketi ya pili ni ya mechi moja tu. Imeandikwa H1 (0:1) kwa odi 3.10. Mwenyeji alishinda mabao 2-1, na bado tiketi ikahesabiwa kuwa imepotea. Inawezekanaje timu uliyoipa ishinde na wewe upoteze? Na zaidi ya yote, hii odi ni kitu gani hasa? Ni kipimo cha ubora wa timu, ni utabiri wa kampuni, au ni nini?

KaraniMstaafu

Karibu sana, dada. Nilikaa kaunta nikipokea madau kwa miaka mingi, kabla mambo haya hayajahamia kwenye simu, na swali lako la mwisho ndilo ambalo wateja wangu wengi hawakuwahi kuliuliza. Nitaanza nalo, kwa sababu mengine yote yanategemea hilo.

Odi ni bei. Kampuni inakuuzia haki ya kulipwa kiasi fulani endapo jambo fulani litatokea uwanjani, na odi inakwambia kiasi hicho ni mara ngapi ya dau lako. Ukiweka 100 kwa odi 2.10 na ukashinda, utapokea 210, na ndani ya hiyo 210 dau lako la 100 limo tayari, kwa hiyo faida yako ni 110. Hapo ndipo watu wengi hujidanganya bila kujua, wanapotaja malipo yote kana kwamba ni faida. Odi ya 1.30 inasikika kama nyingi, lakini maana yake ni kwamba unahatarisha 100 ili kupata 30.

Kila bei ya namna hii imebeba ndani yake makadirio ya uwezekano. Ili kuyaona, gawanya 100 kwa odi. Odi ya 2.00 inabeba asilimia 50, ya 4.00 inabeba asilimia 25, na ya 1.25 inabeba asilimia 80. Odi ikiwa ndogo, kampuni inaona jambo hilo lina uwezekano mkubwa. Ikiwa kubwa, uwezekano ni mdogo. Hiyo ni nusu ya jibu tu, na mwenye kuishia hapo hufikiri kwamba kampuni imetoa utabiri wa haki. Tuichukue mechi ya nne ya mdogo wako. Tuseme bei zake zote tatu zilikuwa 2.10 kwa mwenyeji, 3.40 kwa sare na 3.60 kwa mgeni. Gawanya 100 kwa kila moja na utapata 47.62, 29.41 na 27.78. Sasa zijumlishe: ni 104.81. Mechi haiwezi kuwa na uwezekano unaozidi asilimia 100, kwa maana lazima litokee moja kati ya mambo matatu. Ile 4.81 iliyozidi ni fungu la kampuni, nalo limekaa ndani ya bei zenyewe, wala huliandikiwi mahali popote kwenye tiketi. Ukiliondoa, uwezekano wa mwenyeji unabaki asilimia 45.4 hivi, na bei yake ya haki ingekuwa 2.20. Mdogo wako ameuziwa kwa 2.10.

Ndiyo maana nasema odi si utabiri. Na haisimami mahali pamoja. Mshambuliaji tegemeo akiumia mazoezini, bei ya timu yake hupanda na ya wapinzani hushuka. Fedha nyingi zikiingia upande mmoja, kampuni hushusha bei ya upande huo ili isijikute imebeba hasara kubwa. Ukisikia vijana wakisema odi imeshuka, maana yake ni kwamba jambo lile lile sasa linauzwa kwa malipo madogo zaidi. Kwa kawaida bei iliyochapwa kwenye tiketi yako haibadiliki tena baada ya dau kupokelewa. Hiyo inaitwa odi thabiti, tofauti na mfumo wa mfuko wa pamoja, ulioanzishwa na Joseph Oller mjini Paris katika miaka ya 1860, ambamo madau yote huwekwa pamoja, mwendeshaji hukata sehemu yake, na kinachobaki hugawanywa kwa walioshinda. Ukiona zawadi kubwa inayogawanywa kwa idadi ya washindi, upo kwenye ukoo huo wa pili.

Jambo moja dogo kuhusu maandishi ya bei. Tiketi za mdogo wako zinatumia desimali, lakini ukisoma habari za Uingereza utakuta sehemu kama 5/2, yaani faida ya 5 kwa kila dau la 2, ambayo kwa desimali ni 3.50. Leicester City walipoanza msimu wa 2015/16, kampuni za huko ziliwapa bei ya 5000/1 kutwaa ubingwa, na walipoutwaa, kila dau la 1 lilizaa faida ya 5000. Marekani wao huandika alama ya kujumlisha na ya kutoa: +150 ni faida ya 150 kwa dau la 100, sawa na 2.50, na -200 ni kwamba unahitaji dau la 200 ili upate faida ya 100, sawa na 1.50.

Sasa tiketi ya kwanza. Kwenye mkeka odi huzidishwa, hazijumlishwi, ingawa tiketi inaandika neno jumla. Chukua 1.30, zidisha kwa 1.85, kisha 1.75, kisha 2.10, utapata 8.8384, nayo mara dau la 100 ni 883.84. Mechi iliyoahirishwa huhesabiwa kuwa batili, na kitu batili ndani ya mkeka hupewa odi ya 1.00. Ile 1.75 ikageuka kuwa 1.00, na zilizobaki, yaani 1.30 mara 1.85 mara 2.10, zinatoa 5.0505. Hapo ndipo ilipotoka 505.05. Alilipwa sawasawa. Angalia tu kwamba kampuni hutofautiana katika muda zinaoungoja mechi iliyoahirishwa kabla ya kuibatilisha. Nyingine husubiri siku moja, nyingine zaidi, na jambo hilo huandikwa kwenye kanuni zao.

Suala la handikapu namwachia yeyote anayekaa uwanjani zaidi yangu.

RefaWaDarajaLaPili

Mzee wetu amemaliza upande wa bei. Mimi ni mwamuzi, kwa hiyo nitaongelea lile linalonihusu: ni matokeo gani hasa yanayouzwa, na saa ya kuyahesabu inasimama lini. Ugomvi mwingi ninaousikia baada ya mechi unatokana na mtu kununua kitu kimoja huku akilini mwake ana kitu kingine.

Zile 1, X na 2 ni ushindi wa mwenyeji, sare, na ushindi wa mgeni. Ukiunganisha herufi mbili umenunua nafasi mbili kwa pamoja: 1X inatiki mwenyeji akishinda au wakitoka sare, X2 ni ya mgeni kwa namna hiyo hiyo, na 12 inataka mshindi yeyote apatikane. GG ni timu zote mbili kufunga na NG ni kwamba angalau moja imetoka bila bao. Zaidi ya 2.5 ni mabao matatu na kuendelea bila kujali nani kafunga, na ile nusu imewekwa ili pasiwe na matokeo ya katikati, kwa sababu hakuna nusu bao. Palipoandikwa sare dau linarudi, umenunua mshindi, na wakitoka sare unarudishiwa fedha yako.

Lakini haya yote, kwa kawaida ya mpira wa miguu, huhesabiwa ndani ya dakika 90 pamoja na zile dakika chache za fidia anazoongeza mwamuzi. Muda wa ziada wa dakika 30 haumo, na mikwaju ya penalti haimo. Hakuna mfano ulio wazi kuliko fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 18 Desemba 2022 pale Lusail, Qatar. Messi alifunga kwa penalti dakika ya 23, Di María akaongeza dakika ya 36, na Argentina wakaenda mapumziko wakiongoza 2-0. Mbappé akafunga dakika ya 80 na ya 81, na dakika 90 zikaisha 2-2. Katika muda wa ziada Messi akafunga tena, Mbappé akasawazisha kwa penalti dakika ya 118, na Argentina wakashinda kwa mikwaju 4-2.

Sasa ipitishe mechi hiyo kwenye tiketi. Aliyewapa Argentina ushindi wa kawaida alipoteza, ingawa aliwaona kwa macho yake wakinyanyua kombe. Aliyenunua X alishinda. Aliyewapa Argentina kutwaa kombe alishinda pia, kwa sababu hilo ni soko jingine, yaani aina nyingine ya dau, lisilofungwa na dakika 90. Zaidi ya 2.5 ilitiki kwa mabao manne, lakini Zaidi ya 4.5 ilianguka, ingawa ubao wa matokeo ulimalizika ukisoma 3-3. Tiketi ya mapumziko na mwisho iliyoandikwa 1/X, Argentina wakiwa ndio wenyeji kwenye ratiba, ilishinda. Na yule aliyempa Mbappé kufunga mabao matatu, kwa kampuni inayofuata dakika 90, hakulipwa, kwa sababu la tatu lilikuja baada ya saa kusimama. Mtu anaweza kuona ameonewa, lakini hivyo ndivyo kitu alichonunua kilivyoandikwa.

Usiichukue kanuni hii uipeleke kwenye michezo mingine. Kwenye mpira wa kikapu muda wa ziada mara nyingi huhesabiwa. Kwenye tenisi, mchezaji akijitoa kwa maumivu katikati ya mechi, kampuni moja itabatilisha na nyingine italipa ikiwa seti ya kwanza imekamilika. Mwambie mdogo wako asome kanuni za mchezo husika.

Nije kwenye H1 (0:1). Handikapu ni mabao ya kubuni ambayo timu moja hupewa kabla mechi haijaanza. Mabano hayo yanasema mechi inahesabiwa kana kwamba imeanza 0-1, mgeni akiwa mbele. Mwenyeji akishinda 2-1 uwanjani, ongeza lile bao la mgeni na matokeo ya tiketi yanakuwa 2-2, yaani sare ya handikapu. Mdogo wako alinunua ushindi wa mwenyeji ndani ya hesabu hiyo, kwa hiyo alihitaji tofauti ya mabao mawili au zaidi. Ndiyo maana alipewa 3.10 kwa timu ambayo, kwa ushindi wa kawaida, ingeuzwa kwa bei ya chini sana.

Angekuwa amenunua handikapu ya Kiasia, ambayo huandikwa AH -1, matokeo yale yale ya 2-1 yangemrudishia dau lake, kwa kuwa aina hiyo haina sare ya kuuzwa. Hizi mbili zinafanana machoni na zinatofautiana kwenye malipo, na sioni jambo jingine kwenye tiketi linalochanganya watu kiasi hiki. Kiasia ina robo pia. Ukiona AH -0.75, dau lako linagawanywa katikati: nusu inakwenda kwenye -0.5 na nusu kwenye -1. Timu ikishinda kwa bao moja, nusu ya kwanza inashinda na nusu ya pili inarudi. Kwa dau la 100 na odi 2.00, utapokea 100 kutoka nusu iliyoshinda na 50 iliyorudi, jumla 150.

DadaMkubwa

Nawashukuru sana, mzee wangu KaraniMstaafu na ndugu Refa. Ile hesabu ya 104.81 nimeirudia mwenyewe kwa mechi nyingine tatu na kila mara jumla imezidi 100. Nilipomwonyesha mdogo wangu alikubali, lakini akasema fungu la asilimia chini ya tano ni dogo, haliwezi kumzuia mtu mwenye kujua mpira, na kwamba yeye hujilinda kwa kuweka mechi nyingi zenye odi ndogo ambazo ni za uhakika. Nikakosa jibu. Je, ana hoja?

MwalimuWaHesabu

Dada, kwenye sehemu ya kwanza ana hoja kiasi. Kwenye ya pili hana kabisa, na naomba umwonyeshe hesabu hii taratibu bila kubishana naye.

Fungu la kampuni huzidishwa pamoja na odi. Kwenye mechi moja yenye jumla ya 104.81, bei anayopewa ni kama asilimia 95.4 ya bei ya haki. Akiunganisha mechi tano za namna hiyo kwenye mkeka mmoja, atazidisha 0.954 mara tano, na kinachobaki ni 0.79. Maana yake ni kwamba mkeka ambao bei yake ya haki ingekuwa 100 yeye anauziwa kwa malipo ya 79. Akifika mechi kumi inabaki 0.625. Fungu lililokuwa chini ya tano kwenye mechi moja sasa ni zaidi ya thelathini na saba. Hii ndiyo sababu kampuni huwapa bonasi wenye mikeka mirefu na hazitoi bonasi kama hiyo kwa mechi moja moja. Sisemi kuna hila hapo, kwa sababu kila namba imeandikwa waziwazi, lakini ni lazima mtu azidishe mwenyewe ili aione.

Kuhusu uhakika: odi ya 1.20 inabeba asilimia 83.3, na hiyo ni kabla ya kuondoa fungu la kampuni. Maana yake timu ya namna hiyo inakosa kushinda takribani mara moja kati ya sita, na kila mfuatiliaji wa mpira ameona hivyo kwa macho. Ziweke kumi kwenye mkeka na jumla ya odi inakuwa 6.19, hivyo uwezekano wa zote kutiki ni asilimia 16 tu hata tukiikubali bei ya kampuni kuwa ya haki kabisa. Kila moja peke yake ni ya kuaminika, na kwa pamoja zinachanika, yaani mkeka wote unapotea kwa kukosa hata mechi moja, mara tano kati ya sita. Mkeka kuchanika kwa mechi moja si bahati mbaya ya pekee, ndiyo njia ya kawaida mikeka ya namna hiyo inavyokufa, na ile hisia ya kwamba nilikosa kidogo tu ndiyo inayomrudisha mtu kesho yake.

Kujua mpira kunasaidia ikiwa tu unajua kitu ambacho bei bado haijakibeba. Swali si kama timu itashinda, ni kama uwezekano wake unazidi ule uliomo kwenye odi. Timu nzuri kwa bei mbaya ni ununuzi mbaya. Mtu asiyeweza kusema, kwa namba, anadhani uwezekano ni asilimia ngapi, hana njia ya kujua kama bei inamfaa.

Nimeona pia vijana wanatumia kitufe cha keshi auti, yaani kuiuza tiketi kwa kampuni kabla mechi hazijaisha. Njia ya kuipima ni nyepesi. Tuseme kwenye ule mkeka wa 505.05 imebaki mechi moja tu ambayo bei yake kwa sasa ni 2.10. Gawanya 505.05 kwa 2.10 na utapata 240.50. Kampuni ikikupa 210, inakukata mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye odi uliponunua.

Na akikwambia kwamba hasara hurudi kwa kuzidisha dau maradufu kila anapopoteza, mwombe aandike namba kwenye karatasi: 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200. Akipoteza mara sita mfululizo ameshatoa 6,300, na dau la saba ni 6,400, ili apate, akishinda kwa odi ya 2.00, faida ya 100 ile ile aliyoanza kuitafuta. Kupoteza mara sita mfululizo si jambo la ajabu kwa mtu anayeweka kila siku. Dada, akifika hapa, tafadhali achana na hesabu na uongee naye kama ndugu yake, kwa sababu kutaka kurudisha hasara kwa haraka ni dalili ya kwanza ambayo sisi walimu tumejifunza kuitazama kwa vijana wetu.

MfuatiliajiTakwimu

Naongeza jambo moja tu ambalo halijatajwa, na linanikera sana. Kwenye makundi ya ujumbe kuna watu wanauza mechi za uhakika, wengine wakidai zimepangwa, na ushahidi wao ni kwamba wametabiri sawasawa mara tatu au nne mfululizo. Hebu tazama inavyofanyika. Mtu anachukua wasomaji 800, nusu anawaambia mabao yatazidi 2.5 na nusu anawaambia hayatazidi. Baada ya mechi anawaacha 400 waliopewa jibu lililokosea na kuwagawanya tena waliobaki. Baada ya mechi tatu kuna watu 100 ambao kwa uzoefu wao wenyewe hajawahi kukosea, na hao ndio anaowatoza fedha kwa mechi ya nne. Hakuna anachokijua. Dada, muulize mdogo wako kama kuna mtu anayemlipa kwa ajili ya mechi, kwa sababu fedha hiyo haionekani kwenye tiketi yoyote.

DadaMkubwa

Nimemuuliza, na aliwahi kulipa. Tumeongea kwa muda mrefu na kwa utulivu, na safari hii hakusema sielewi. Amekubali kuandika kila dau na kila malipo kwenye daftari, kisha tutalisoma pamoja mwisho wa mwezi.

Amenipa tiketi yake mpya niisome mwenyewe kama mtihani. Ni mkeka wa mechi mbili wenye dau la 100: AH -0.75 kwa mwenyeji, odi 2.00, na kwenye mechi ya pili Chini ya 3.5, odi 1.50. Jumla ni 3.00. Nimemwambia kwamba mwenyeji wa mechi ya kwanza akishinda kwa mabao mawili, na ya pili ikawa na mabao matatu au pungufu, analipwa 300. Akishinda kwa bao moja, nusu inashinda na nusu inarudi, kama ndugu Refa alivyoeleza, lakini ndani ya mkeka nimeshindwa kujua ile nusu iliyorudi inakwenda wapi. Nimemjibu atarudishiwa 50 mkononi na iliyobaki itaendelea. Niko sahihi?

KaraniMstaafu

Umesoma vizuri, dada, isipokuwa hapo mwisho. Ndani ya mkeka hakuna fedha inayotoka katikati ya safari. Kinachobadilika ni odi ya mechi hiyo. Nusu ya dau imeshinda kwa 2.00, nusu imerudi kwa 1.00, na wastani wake ni 1.50, kwa hiyo mechi ya kwanza inaingia kwenye hesabu kwa odi 1.50 badala ya 2.00. Zidisha kwa 1.50 ya mechi ya pili na unapata 2.25, yaani malipo ya 225. Mechi ya kwanza ikiisha sare, au mechi ya pili ikifikisha mabao manne, mkeka wote umechanika na ile nusu hairudi.

Na kwenye daftari lenu, safu ya malipo iandikwe ikiwa imetolewa dau. Hiyo 225 iingie kama 125.